Ukishaisoma, Ichome

Kannur
12 Oktoba 1969

Mukundan,

Mimi sijambo. Wewe sikuulizi hali. Mtu aliyeacha chuo cha ualimu miezi miwili kabla ya mtihani, akaondoka alfajiri bila hata kumuaga bibi yake, hastahili kuulizwa hali. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe na vidole vinaniuma, kwa hiyo keti vizuri usome kwa heshima.

Moidu wa samaki mkavu ameniambia kwamba akipanda milimani kununua pilipili manga, kuna mtu anayemjua mtu ambaye huwa anakuona. Nikamwambia, basi huyo amwambie huyo amwambie mjukuu wangu kwamba bado sijafa.

Hapa bandani mambo yameharibika. Unakumbuka tulivyokuwa: watu arobaini chini, kila mmoja na ungo wake pajani, mkasi, majani na tumbaku, tunasokota sigara za biri, naye Kunjappa yuko juu ya kiti kirefu anatusomea gazeti kuanzia habari ya kwanza mpaka tangazo la dawa ya minyoo. Yeye hasokoti. Sisi ndio tunamsokotea mgao wake. Mimi dunia nimeisomea pale. Vita vya Wajerumani nilivipigana nikiwa na ungo pajani. Sasa chama kimepasuka Kulia na Kushoto: asubuhi linasomwa gazeti la Kulia, na wa Kushoto wote wanashikwa na kikohozi. Mchana linasomwa la Kushoto, wa Kulia wanaanza kuimba nyimbo za harusi. Juzi mzee Chathu alimrushia mwenzake mkasi kwa ajili ya Moscow na Peking. Nikawauliza: huko Moscow, na huko Peking, kuna mtu hata mmoja anayejua kwamba Chathu amezaliwa? Wakaokota mkasi, wakaanza upya.

Babu yako Kanaran alifia gerezani kwa ajili ya chama kimoja. Kimoja! Enzi zile mtu akikuita komredi unamfungulia mlango. Leo inabidi nimchungulie dirishani nimuulize: komredi wa wapi? Mjomba wako Kelappan ni wa Kulia, ana ofisi yenye feni. Mimi ni wa Kushoto, kwa sababu waliponiambia chama kimepasuka, watu niliolala nao rumande wote walielekea huko, nami sikuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Tukadhani mpasuko umekwisha. Mara ukazuka wewe na wenzako wa bunduki, mkawa wa tatu. Ni kama fenesi. Mmoja anakaa chini anangoja Moscow wamwambie limeiva. Wa pili anapiga kura alitikise tawi. Wa tatu anakuja na shoka aukate mti. Na fenesi lenyewe hakuna aliyelionja.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini wiki iliyopita Kunjappa, na miwani yake ile, alisema mbele ya banda zima: "Mukundan wa Chirutha amekuwa jambazi. Hoja hana. Ana panga tu." Mtoto niliyemlea mimi! Mama yako alikufa akikuzaa, nikakunywesha maji ya uji kwa kijiko, nikakusomesha kwa biri, halafu mtu aseme huna hoja?

Basi niandikie hizo hoja zako, kama unazo. Kama huna, rudi nyumbani ufanye mtihani.

Stalin, mtoto wa jirani, ameota meno mawili. Anang'ata kila mtu.

Bibi yako,
Chirutha

*

Milimani
3 Novemba 1969

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika inanuka samaki. Niliinusa kabla ya kuisoma, nikalia kidogo, kisha nikaanza kucheka, maana nilikuwa nasikia sauti yako inanigombeza hapa katikati ya msitu.

Sikukuaga kwa sababu ningekuaga nisingeondoka. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza.

Umenitaka nieleze. Kulia wanasema matajiri wa nchi hii si wote wabaya. Wenye viwanda wameonewa na Wazungu kama sisi, kwa hiyo tuwashike mkono, tuingie nao serikalini, tupande ngazi polepole, na Urusi itatusaidia kushika ngazi isitikisike. Kushoto wanasema hapana, tajiri na mwenye shamba ni kitu kimoja, mfanyakazi lazima aongoze. Nao wako sawa, Bibi. Lakini baada ya kusema hayo, wanapanga foleni kwenye sanduku la kura kama wengine. Wanasema bungeni tunaingia kwa muda tu. Na waliingia, wakatawala. Huku nilipo mchuma kahawa bado analipwa kwa vibaba vya mpunga, na mwanawe anazaliwa tayari ni mtumwa wa mtu. Nilimuuliza mama mmoja hapa kama alijua kwamba wekundu waliwahi kushika serikali. Akaniuliza: "Serikali ndiyo nini? Ni yule anayekuja na jeep?"

Sisi tunasema nyumba iliyojengwa juu ya mgongo wa mtu haifagiwi. Inabomolewa, kuanzia huku mashambani, sio kuanzia mjini penye feni. Wenzangu wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanasema akiuawa mwenye shamba mmoja, woga wa vibarua elfu utakufa naye. Hilo silijui bado, Bibi. Wewe peke yako nakwambia kwamba silijui. Nililisema kwa sauti mara moja wakaniita mwoga wa vitabu.

Na fenesi lako: wewe umesahau wa nne, mwenye shamba, ambaye analila huku sisi watatu tunabishana.

Nakula vizuri. Silali penye unyevu. Asubuhi tunaamshwa na kengele ya shamba la kahawa, na ungeisikia ungecheka: imepasuka, inalia kama sufuria lililopigwa teke. Vibarua wanasema bwana wa zamani aliipiga nyundo siku mbwa wake alipokufa, na tangu hapo hakuna aliyenunua nyingine. Kila ikilia nakukumbuka ukiangusha vyombo jikoni ili niamke.

Mwambie Moidu asije zaidi ya mara moja kwa mwezi. Na hii barua, ukishaisoma, ichome. Usiikunje ukaiweka penye ungo. Ichome.

Wako,
Mukundan

*

Thiruvananthapuram
20 Novemba 1969

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui kwa mvua hizi.

Mama, nitasema wazi. Habari za Mukundan zinanifikia ofisini, na si nzuri. Polisi wameongezwa milimani. Nimezungumza na mtu mmoja mkubwa, mwenye utu. Kijana akishuka mwenyewe na kujisalimisha mbele ya hakimu, nikiwa nimesimama pembeni yake, atafungwa mwaka, labda miwili, atatoka hai. Akikutwa kule juu sitaweza kumsaidia.

Najua unavyonidharau. Unadhani nimeuza kitu. Mama, nilikuwa na miaka kumi na tisa tulipochukua silaha enzi zile za Baba. Niliona tulivyokwisha. Kijiji kilikuwa bado hakijaamka, sisi tukakimbilia mbele tukafa peke yetu, na Baba akiwa mmoja wa waliokufa. Ndiyo maana leo naamini njia ya polepole. Haina wimbo mzuri, lakini haimli mtoto wa mtu. Mukundan anarudia kosa letu akidhani amelibuni yeye.

Unajua alipo. Niambie. Mimi ni mjomba wake, mtoto wa dada yangu ni wangu kuliko wangu mwenyewe.

Mwanao,
Kelappan

*

Kannur
28 Novemba 1969

Kelappan,

Goti langu liache. Mtu mkubwa mwenye utu! Tangu lini ng'ombe akamtuma chui amtafutie ndama? Wewe na hao wakubwa mnakula sahani moja siku hizi, nami sitawaletea mjukuu wangu awe mboga. Alipo sikuambii. Hata ukija na feni yako.

Na usiseme Mukundan amekosea hoja. Hoja anazo. Ameniandikia kurasa tatu, na nikikwambia hakuna gazeti lililowahi kusomwa pale bandani likashinda kurasa hizo, amini. Nilikwenda nazo siku ya Jumatatu. Nikampa Kunjappa mkononi, nikamwambia, "Haya, jambazi asiye na hoja huyu hapa. Msome."

Akasema, "Chirutha, barua ya mtu haisomwi hadharani."

Nikamwambia, "Ulipomtukana ulimtukania chumbani?"

Akavaa miwani akapanda kitini. Kelappan, ungekuwapo! Wa Kulia hawakuimba. Wa Kushoto hawakukohoa. Alipofika pale kwenye "Serikali ndiyo nini, ni yule anayekuja na jeep?" nikasikia mtu anajifuta pua. Wengine walisema ndiyo, wengine wakasema hapana, anakosea hapa, anakosea pale, kijana ana haraka. Lakini walibishana naye kama mtu mzima. Tangu chama kipasuke, hiyo ilikuwa mara ya kwanza banda zima kusikiliza kitu kimoja.

Na tulicheka pia. Amesimulia habari ya kengele mbovu inayomuamsha, basi Chathu akaruka na ungo wake, tumbaku ikamwagika: "Hee! Kengele hiyo naijua mimi! Nimechuma kahawa pale misimu mitatu! Ndiye bwana wa mbwa huyo!" Akalitaja na shamba lenyewe. Sitakuandikia wewe. Mwingine akasema, "Afadhali kengele. Kunjappa anaamshwa na mkewe, na hajapasuka hata kidogo." Hata Kunjappa alicheka. Akashuka kitini, akaniambia, "Dada, nilikosea. Hoja anazo."

Nimeandika hayo ili ujue mlivyolea wengine na nilivyolea mimi.

Mama yako,
Chirutha

*

Thiruvananthapuram
4 Desemba 1969

Mama,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na sijaketi bado.

Watu arobaini! Umesoma alipo mbele ya watu arobaini! Mama, sasa hivi hakuna banda wala duka la chai Kannur lisilo na sikio la polisi. Wengine si wabaya, wana mtoto mgonjwa, au kesi, wakiulizwa swali dogo tu hujibu. Wengine hata hawajui kwamba wamejibu. Anasimulia kichekesho cha kengele kwa kinyozi, basi, yamekwisha.

Sitaki tena kujua alipo. Nimeghairi, usiniambie. Mwandikie yeye. Mwambie barua yake imesomwa na ahame, leo, kabla ya jua kuzama. Mengine tutagombana baadaye.

Nakushika miguu, Mama. Mwandikie.

Kelappan

*

Kannur
10 Desemba 1969

Mukundan,

Barua yako ilifika. Mwandiko wako umekuwa kama wa kuku. Kama mkono unatetemeka, basi silali-penye-unyevu yako ni uongo na una homa. Kunywa maji ya pilipili manga na tangawizi, hata kama chama chako kina dawa nyingine.

Hoja zako nimezielewa. Si zote. Lile la kuua mtu mmoja ili elfu wasiogope, umesema hulijui, na mimi nakwambia usilijue. Babu yako alikuwa na bunduki miezi minne, na usiku wa mwisho alioulala nyumbani hakuniambia habari ya mapinduzi hata neno moja, aliniuliza tu kama mkono unaoua unaweza kushika mtoto. Nikamwambia utanawa. Hakunawa, walimchukua asubuhi. Ningekuwa na akili ya leo ningempa jibu jingine.

Kunjappa hakuiti tena jambazi. Usiniulize kwa nini, amekua tu.

Mjomba wako ananiandikia barua za kutapatapa. Anaona polisi hata ndani ya chungu cha uji. Ndivyo anavyokuwa mtu akikaa karibu na serikali muda mrefu, anaanza kuiogopa kama mke mdogo. Usiwe na wasiwasi.

Nimekuletea samaki mkavu, na chipsi za ndizi nimekaanga mwenyewe kwa mafuta ya nazi mapya. Wape na wenzako, lakini wewe kula kwanza. Moidu amesema njia ileile na mtu yuleyule. Mwezi ujao nikipata nafuu ya goti nitapanda naye mwenyewe hadi pale basi linapogeuzia, nawe utashuka unione hata kwa dakika moja. Nitavaa khanga ile nyeupe yenye pindo jekundu.

Barua yako nimeichoma kama ulivyosema.

Bibi yako,
Chirutha

*

Kannur
9 Januari 1970

Kelappan,

Wamekuja watatu na karatasi. Wamesema amekufa akipigana. Wamesema alfajiri, karibu na mabanda ya vibarua, na kwamba ilibidi wamchome hukohuko juu kwa sababu ya usalama. Usalama wa nani? Hata jivu sikupewa. Nimewauliza alikuwa na bunduki? Mmoja, kijana mdogo, akaniambia hapana. Alikuwa na panga la kukatia kuni.

Umefurahi? Mtu mkubwa wako mwenye utu amefurahi? Uliniomba alipo, nikakunyima, ukatafuta njia nyingine. Kisha ukaniandikia "ahame, ahame" ili mikono yako ionekane safi. Mimi nakujua. Nilikuzaa. Ulipoiba sukari ukiwa mdogo ulikuwa wa kwanza kulia kwamba sukari imeibwa.

Mjomba! Mwana wa dada yako ni wako kuliko wako mwenyewe! Umemla.

Mimi sina mtoto tena, si wa Kulia si wa Kushoto. Usiniite mama. Usije.

Chirutha

*

Thiruvananthapuram
17 Januari 1970

Mama,

Nakuita hivyo kwa sababu sina jina jingine la kukuita.

Mimi sikumtaja. Nisingeweza. Ulikataa kuniambia, na nilipokwisha kutambua hatari nikakuomba usiniambie. Mpaka alipokufa mimi sikujua jina la shamba lile. Nililijua kwenye gazeti. Chathu alilijua. Kunjappa alilijua. Watu arobaini walilijua, mimi tu ndiye sikulijua.

Nilikwenda kuomba mwili wake. Nilisimama siku mbili kwenye kibaraza, komredi wa miaka ishirini na miwili, naombaomba kama mtu aliyepoteza mwavuli. Walinipa shati lake. Kifuani kulikuwa na barua yako ya tarehe kumi Desemba, imekunjwa mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama biri. Nimeisoma. Samahani, niliisoma.

Nilikuandikia tarehe nne. Yangu ilikufika lini, Mama? Sitauliza tena.

Shati nimelituma kwa posta. Barua nimeiacha mfukoni mwake.

Kelappan

*

Haina mahali
Februari

Kwa bibi wa Mukundan,

Hunijui. Mimi nilikuwa naye. Moidu amekubali kuleta karatasi hii, ni mara yake ya mwisho, anaogopa.

Mukundan alitusimulia sana habari zako. Tulikuwa tukigombana kutwa nzima, habari ya kura na ya bunduki, habari ya China na ya Urusi, naye kila akishindwa husema, "Ngojeni, nitamuuliza Bibi." Chipsi za ndizi alizigawa moja moja.

Nadhani unataka kujua ilikuwaje. Mwishoni mwa Desemba vibarua walituambia kuna wageni wanauliza habari ya kengele. Wanauliza wakicheka, kama kichekesho. Ni kengele gani hapa inayolia kama sufuria? Tulikaa tukasema, tuhame usiku huu. Tulikuwa sita na wote sita tulitaka kuhama. Mukundan akauliza, neno la kengele limetoka wapi? Akafikiri. Akasema neno hilo aliliandika mahali pamoja tu, kwa bibi yake, na bibi amelichoma. Akatoa barua akatusomea mstari ule. Mmoja wetu akasema, huenda hakuichoma. Mukundan akakasirika, sijamwona akikasirika vile. Akasema, "Bibi yangu atakutukana, atakupiga mwiko, lakini hasemi uongo." Akasema kengele inajulikana bonde zima, wageni wameisikia tu. Na alikuwa na homa, hangeweza kutembea mbali. Tukakaa siku mbili zaidi ili apone.

Wengine tulikuwa tumekwenda kuteka maji. Hakuwa na bunduki. Alikuwa akipasua kuni za uji.

Sikuandiki ili kukuumiza. Nimeandika kwa sababu alituambia wewe ndiye mtu pekee kati ya vyama vyote vitatu ambaye hajawahi kumdanganya, nikadhani ungependa kujua alikufa akiamini hivyo.

Jina silitaji.

*

Kannur
15 Machi 1970

Kelappan,

Sijui kama utaifungua hii. Mwandiko utaujua kutoka kwenye bahasha, na ukitaka kuichana, mkono ni wako.

Yako ya tarehe nne Desemba ilinifika tarehe nane. Nilikuwa nayo siku mbili kabla ya kumwandikia. Niliisoma mara tatu. Nilijua ulisema kweli. Sasa umejibiwa.

Kwa nini sikumwambia? Mchana nilijiambia, banda letu halina msaliti, watu wale wamekula kipigo pamoja. Ilikuwa kiburi. Ningemwandikia mtoto yule kwamba barua yake niliisomesha hadharani alipoomba niichome, na yeye angejua kwamba bibi yake ni mpayukaji kama wengine. Lakini kuna jingine, na hilo sijamwambia mtu. Akihama, Moidu asingejua alipo. Mimi nisingejua alipo. Nilikuwa nimekwisha kuifua ile khanga nyeupe, nimeikunja juu ya sanduku. Nilitaka kumwona dakika moja.

Nilikuandikia maneno yasiyofaa, kwamba umemla. Sikuombi msamaha, sijui unaombwaje kwa jambo kama hilo. Nimeandika tu kwamba haikuwa wewe.

Walikuja hapa wajumbe. Wa Kushoto wakasema kijana alianzia kwetu, tutamjengea nguzo ya waliokufa mashahidi pale njia panda, tuiandike jina lake. Siku ya pili wakaja wa Kulia, wakasema ni mjukuu wa marehemu komredi Kanaran, kosa lake ni la umri, jina lake ni letu. Siku ya tatu ikapitishwa karatasi chini ya mlango, nyekundu vilevile, kwamba damu ya Mukundan inadai damu. Nguzo moja, bendera tatu, na wote wananiita mama. Nilisoma ile karatasi nikaona hakuna hata neno moja alilosema yeye. Yeye alisema silijui. Hakuna chama chenye nguzo ya mtu aliyesema silijui.

Wote nimewafukuza.

Kisha nikachukua ile barua ya mwenzake nikaenda nayo bandani. Nikampa Kunjappa. Akaisoma kwanza kimya, akanirudishia. "Dada, hii sisomi."

Nikamwambia, "Ile uliisoma. Na hii soma."

"Chirutha, utajiua."

"Panda kitini!"

Akapanda. Akasoma mpaka pale "Bibi yangu atakutukana, atakupiga mwiko," akainua macho kunitazama. Nikasema endelea. Akaendelea. Nilisimama mlangoni, sikuketi, ili wanione wote, na mimi niwaone. Arobaini. Hakuna aliyeacha kusokota. Aliyemtaja ni mmoja wao, au wawili, au ni kichekesho tu kilichopita kwa kinyozi kama ulivyosema, sijui. Chathu alikuwa analia, lakini Chathu hulia hata kwenye harusi. Nilitafuta uso wa mwenye hatia mpaka macho yakachoka, na kila uso ulikuwa unanitafuta mimi.

Kunjappa alipomaliza alishuka. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeimba.

Kesho yake hakuleta gazeti. Si la Kulia wala la Kushoto. Alikuja na ungo wa marehemu kaka yake, akaketi chini kati yetu, akaomba mkasi. Tangu siku hiyo hatusomewi. Anasokota mgao wake mwenyewe. Vidole vyake havijashika jani miaka thelathini, Kelappan, uzi anaukaza vibaya, na biri zake zikifika kwa msimamizi zinafumuka zote. Hakuna anayemcheka. Tunasikia mikasi tu, asubuhi mpaka jioni.

Shati limefika. Barua yangu ilikuwamo mfukoni, kama ulivyosema.

Ile ya Mukundan, aliyosema niichome, ninayo bado. Nimekaa mbele ya jiko mara nyingi nikiwa nayo mkononi. Siwezi.

Chirutha